Siku moja tu ya kuangalia ndege kwenye wangwa na mikoko: nianzie wapi, saa ngapi?

binti_pepo

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie maana nimezunguka huko mitandaoni nimechoka, kila ninachokuta ni picha nzuri za ndege na hakuna anayesema alisimama wapi na ilikuwa saa ngapi.

Iko hivi. Nina siku moja tu, Jumamosi, kuanzia giza la alfajiri mpaka jua lizame, na nataka niitumie yote kwa ndege wa maji ya pwani. Sehemu ninayokwenda ina wangwa mkubwa wenye mlango mwembamba wa kutokea baharini, upande mmoja mikoko mitupu, upande wa pili mashamba ya chumvi ambayo siku hizi hayatumiki sana, halafu ukifuata ufukwe mbele kidogo unakuta mto unaingia baharini. Sasa nianzie wapi? Watu wengi wananiambia ndege ni alfajiri, ikishafika saa tatu umeshawakosa, je ni hivyo hata kwa hawa wa pwani?

Swali la pili ni vitwitwi. Jamani. Heroe namjua, yangeyange namjua, mwari, shakwe, furukombe, hao wote hawanisumbui. Ila wale wadogo wa kijivu kijivu wanaokimbia kwenye tope, unakuta kundi zima sura moja, nikifungua kitabu naona kurasa na kurasa za ndege wanaofanana. Mnawatofautishaje?

Nina darubini ya mkono ya 8x42, ile kubwa ya kuweka kwenye stendi sina. Na nitakuwa na mwanangu wa miaka 9 ambaye anayapenda haya mambo kuliko hata mimi.

TopeNaMikoko

Karibu dada. Hiyo ya alfajiri iweke pembeni kwanza, hiyo ni ya ndege wa msituni wanaoimba jua likichomoza halafu wananyamaza. Ndege wa tope hana asubuhi wala jioni, yeye ana maji kupwa na maji kujaa, basi. Chakula chake kiko ndani ya tope, minyoo, chaza wadogo, kaa, uduvi, na maji yakiwa juu hakifikiki, kwa hiyo hata iwe saa kumi na mbili asubuhi na kumetulia vipi utawakuta wamesimama mguu mmoja domo limefichwa mgongoni wamelala. Yakianza kupwa, hata kama ni saa saba mchana jua la utosi, wanashuka wote kula. Na usiku vilevile wanakula, wengi wao, kwa sababu maji hayasubiri kukuche.

So kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kufikiria uanzie wapi, tafuta jedwali la maji la siku hiyo. Sehemu nyingi za dunia maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na dakika kumi na kitu hivi, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika 50. Ndio maana ratiba ya mtu aliyekwenda wiki iliyopita haikusaidii kitu, alichokiona asubuhi wewe unaweza kukiona jioni.

Saa za kuwa pale ni zile mbili tatu za mwanzo maji yakianza kupwa, na zile mbili tatu za mwisho kabla hayajajaa. Yakipwa, sehemu za juu ndio zinafunuka kwanza, karibu na wewe uliyesimama ukingoni, na ndege wanashuka kwa njaa wote kwenye vipande hivyo vichache. Yakijaa inakuwa kinyume, maji yanawasukuma kuja kwako pole pole, hata huhitaji kusogea. Katikati pale yakiwa yamepwa kabisa wanasambaa mbali huko, na kwa 8x42 utakuwa unaangalia vidoti.

Safari_Ndefu

Mimi naona tofauti kidogo na mkuu hapo juu. Siku moja ukiitumia kukaa ukingoni mwa tope unasubiri maji unapoteza sehemu tatu nyingine. Mimi ningefanya mzunguko, chumvi asubuhi, mikoko, mto, halafu wangwa mwishoni, kila sehemu saa mbili mbili. Kwenye mzunguko unapata aina nyingi zaidi kwa sababu kila sehemu ina watu wake: mto unapoingia baharini ndiko buabua na shakwe wanapopumzika kwenye mchanga, kwenye mikoko kuna mdiria na korongo, kwenye chumvi kuna heroe na wale wa miguu mirefu ya pinki, kwenye tope vitwitwi. Ukikaa sehemu moja unarudi na nusu ya orodha.

Na mtoto wa miaka 9 hawezi kukaa sehemu moja kutwa nzima.

TopeNaMikoko

@Safari_Ndefu mzunguko sio mbaya mkuu, ila mzunguko wa saa mbili mbili bila kuangalia maji ndio unafika kwenye tope yamejaa, unafika mtoni yamepwa na buabua wako nusu kilomita, unaandika "hakuna ndege leo" wakati ndege wapo. Nyuma ya mzunguko lazima kuwe na jedwali la maji.

Mzee wa Darubini

Binti, swali lako ni zuri na wote wawili hapo juu wamesema kweli, nitaunganisha tu.

Maji ndiyo yanayopanga siku. Lakini uangalie jambo moja ambalo jedwali halikuambii, wewe umesema wangwa wako una mlango mwembamba. Jedwali linatoa saa za bahari ya nje, au za bandari fulani. Maji yakipita kwenye mlango mwembamba yanachelewa, ndani yanaweza kujaa nusu saa au saa nzima au hata zaidi baada ya nje, inategemea upana wa mlango na ukubwa wa wangwa wenyewe. Waulize wavuvi wa pale, hao wanajua kwa dakika. Na kama mlango umezibwa na mchanga, kuna nyangwa za namna hiyo, basi hakuna kupwa wala kujaa ndani, maji yanapanda kwa mvua na kushuka kwa jua, hapo jedwali halina kazi.

Pili angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada yake, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Watu wanadhani bamvua ndiyo nzuri siku zote. Inategemea. Bamvua likijaa linafunika tope lote, ndege hawana pa kusimama, wanajikusanya wote sehemu moja mbili za juu, mchanga, kuta za chumvi, hata juu ya mikoko, sululu na baadhi ya vitwitwi wanalala juu ya matawi kabisa. Hapo unawaona wote pamoja. Ila likipwa, tope linakuwa pana mno na wanakwenda mbali. Maji mafu hayafuniki tope lote, ndege hawakusanyiki vizuri, lakini na wakati wa kupwa hawaendi mbali sana na wewe.

Tatu, jua liwe mgongoni kwako. Kitwitwi aliye mbele ya jua ni kivuli cheusi chenye miguu, hata uwe na darubini ya bei gani hutamjua. Asubuhi simama upande wa mashariki wa wangwa, jioni upande wa magharibi. Na kuanzia saa nne hivi joto likipanda, hewa juu ya tope inaanza kutetemeka, ndege wa mbali anaonekana kama anayeyuka, huo sio wakati wa kuhangaika na vitwitwi wa mbali.

Kuhusu kuwatambua. Usianze na wale wadogo. Anza na sululu mmoja unayemjua au yangeyange, mfanye ndiye kipimo chako, huyu mdogo ni nusu yake, yule ni robo. Ukishajua ukubwa, angalia domo na mwendo pamoja, sio rangi. Kuna jamii ya domo fupi na macho makubwa, hao wanakimbia hatua chache, wanasimama ghafla, wanatazama, wanadonoa, wanakimbia tena, kwa sababu wanawinda kwa macho. Kuna jamii ya domo refu, hao kichwa kiko chini muda wote, domo linaingia na kutoka kwenye tope kama sindano ya cherehani, wanawinda kwa kugusa. Ukishatenganisha hizo jamii mbili umemaliza nusu ya kazi, na hilo hata kwa 8x42 ukiwa mbali linaonekana.

Halafu ndio miguu. Miguu myekundu na mzizi wa domo mwekundu, huyo ni Tringa totanus. Miguu ya kijani kijani na domo lililopinda juu kidogo sana, akiruka analia tyu-tyu-tyu, huyo ni Tringa nebularia. Mdogo, miguu ya njano inayoelekea chungwa, domo refu limepinda juu, anakimbia kimbia ovyo ameinama, Xenus cinereus, huyo akishakukaa machoni humsahau. Weupe weupe wanaokimbizana na mawimbi kwenye mchanga wa nje, Calidris alba, hao hata kidole cha nyuma hawana. Nimeweka majina ya kisayansi ili mtafute picha wenyewe, majina mengine yanagongana.

Kama ni miezi ambayo wako mbioni kurudi kaskazini kuzaliana, Machi mpaka Mei, usishangae kuona nusu ya kundi la kijivu limeanza kuwa jekundu au jeusi tumboni. Sio aina nyingine, ni manyoya ya kuzalia.

Fundi_Lenzi

Mzee amemaliza. Mimi naongeza la picha. Vitwitwi wengi wanajulikana wakiruka, mstari mweupe wa bawa, kiuno cheupe, kuna yule Pluvialis squatarola ana kwapa jeusi ti, akiwa ametua huwezi kujua ila akiruka tu umemjua. Sasa wakiwa wamekusanyika wakati maji yamejaa, mtu mmoja apite karibu kidogo waruke, mwingine anapiga picha, wanazunguka wanarudi kutua pale pale. Hiyo ndio njia rahisi na mtoto anafurahi kuona kundi likigeuka hewani.

mwl_Baiolojia

@Fundi_Lenzi hapana mkuu, hapo naomba tusikilizane, na hili nalisema kwa uzito.

Ndege aliyelala kwenye mchanga maji yakiwa juu hajakaa bure. Wengi wa hawa ni wasafiri. Mfano Limosa lapponica, wa jamii hiyohiyo ya sululu, domo refu lililopinda juu kidogo. Oktoba 2022 mmoja wao, kinda wa miezi mitano tu, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliondoka Alaska akaruka mpaka Tasmania bila kutua popote, kilomita 13,560, siku 11 usiku na mchana. Hali, hanywi, halali juu ya maji kwa sababu hajui kuelea kama bata. Kabla ya safari anajaza mafuta mpaka uzito unakaribia mara mbili, na anapokaribia kuondoka matumbo yenyewe yanasinyaa ili apunguze mzigo. Mafuta hayo ameyakusanya punje kwa punje kwenye tope kama hilo analokwenda dada, kwa saa chache tope linapokuwa wazi. Kila unapomrusha anachoma mafuta hayo, na anayachoma wakati ambao hawezi kula kuyarudisha kwa sababu maji yamejaa. Wewe umemrusha mara moja. Baada yako anakuja mtu na mbwa, halafu mwingine na droni, halafu boti.

Na sehemu zenyewe zinapungua. Saemangeum kule Korea Kusini walijenga ukuta wa bahari wa zaidi ya kilomita 33, wakaufunga 2006, tope lililokuwa likilisha maelfu kwa maelfu ya ndege likakatwa na maji ya bahari. Calidris tenuirostris, aliyekuwa akitegemea sana pale, hesabu yake ilishuka vibaya na leo yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Ndege wale hawakuhamia tope la jirani na maisha yakaendelea, tope la jirani lilikuwa tayari lina wenyewe.

Kuona mabawa huhitaji kumrusha mtu. Kaa, subiri. Kozi, ndege mwindaji, atapita, au maji yatawafikia miguuni wahame wenyewe, au kundi jingine litakuja kutua. Ukiona wameanza kuinua vichwa, wameamka wote, wanatembea kuondoka kwako na wanalia lia, hapo umeshakaribia sana, rudi nyuma taratibu kabla hawajaruka.

binti_pepo

Shikamoo Mzee wa Darubini, asante sana, hii ya domo fupi na macho makubwa peke yake imenifungua. Na asante mwalimu, hilo la kuwarusha hata mwanangu nimemsomea, amekasirika sana kuhusu ule ukuta.

Nimeangalia jedwali. Jumamosi ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu kwa hiyo nadhani ni bamvua. Maji yanajaa saa kumi na nusu alfajiri, yanapwa saa tano kasorobo asubuhi, halafu yanajaa tena saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Hizo ni za nje. Sasa hapo nipangeje?

Mzee wa Darubini

Marahaba mwanangu. Umepata siku nzuri, kwa sababu saa za maji na saa za jua zimekubaliana.

Ndani ya wangwa yatajaa tuseme saa kumi na moja na robo au na nusu alfajiri. Kwa hiyo ukifika upande wa mashariki saa kumi na mbili kunapambazuka, maji ndio yanaanza kushuka, utaona ukanda mwembamba wa tope umefunuka na ndege wanaanza kutoka mikokoni na kwenye kuta za chumvi makundi kwa makundi. Kaa hapo mpaka saa mbili na nusu, tatu. Usihame. Jua liko mgongoni, wako karibu, hewa bado baridi.

Kuanzia hapo wataenda mbali na joto litapanda. Sasa ndio ufanye mzunguko wa Safari_Ndefu. Nenda mikokoni, huko kivuli kipo na hori, vile vijito vya maji ya bahari, zinakuwa zimekauka, utaona maisha ya chini ya mikoko. Tafuta sululu mdogo, Numenius phaeopus, ana mistari kichwani na akiruka anapiga mluzi wa haraka haraka kama mara saba hivi. Mfuate huyo mmoja tu. Anatembea polepole, anamvizia yule kaa mwenye gando moja kubwa, kaa anaingia shimoni, sululu anaingiza domo lote mpaka usoni na kuligeuza geuza, lile pinde la domo linaendana na pinde la shimo. Anamtoa, anamtikisa kwa nguvu mpaka miguu inadondoka mmoja baada ya mwingine, wakati mwingine anakwenda kumuosha tope kwenye kidimbwi, ndipo anameza. Mtoto akiona hilo hatauliza tena lini tunaondoka.

Mchana nenda kwenye chumvi. Mashamba ya chumvi hayafuati maji ya bahari, kina chake ni kilekile, kwa hiyo ndio sehemu pekee ambayo mchana maji yakiwa yamepwa bado kuna cha kuona karibu. Kwenye yale yenye chumvi kali kunakuwa na uduvi wadogo sana wa chumvi, ndio heroe wanaowachuja kichwa kikiwa chini juu, na rangi yao inatokana na hicho chakula. Omba ruhusa kama kuna mlinzi, na pita chini ya ukuta, usipite juu yake, maana mtu aliyesimama juu ya ukuta anaonekana kutoka kila upande.

Saa tisa mchana rudi wangwani, upande wa magharibi safari hii. Maji yatakuwa yanapanda na yatakuletea ndege mpaka karibu, kila dakika kumi wanasogea. Huo ndio wakati wa kutoa kitabu. Saa kumi na moja na nusu hivi yatakuwa yamejaa na utajua wanalala wapi.

Na neno moja la usalama, bamvua likipanda usiwe umesimama katikati ya tope au kwenye kisiwa cha mchanga. Maji hayaji kutoka mbele yako tu, yanajaza hori za nyuma yako kwanza, unageuka kurudi unakuta njia uliyokuja nayo ina maji ya kiuno na tope chini yake. Kaa ukingoni siku zote, na mtoto asitangulie.

Safari_Ndefu

Hapo nimekubali, mzunguko unakaa katikati ya siku wakati tope halina kazi. Ila mzee mto umeuacha!

Mzee wa Darubini

@Safari_Ndefu nimeuacha kwa makusudi. Mto unakuwa mzuri maji yakiwa juu, buabua na shakwe wanabanwa kwenye ulimi wa mchanga, na saa hiyo hiyo wangwa nao uko kwenye ubora wake. Kwa siku moja huwezi kuwa kote. Akipata siku nyingine aanze na mto jioni. Akijaribu vyote Jumamosi hii atatumia jioni nzima barabarani.

Kipwa

Nimesoma wote, naongeza vitu vidogo kwa ajili ya mtoto, maana mimi naendaga na watoto.

Mpe kazi yake mwenyewe, asiwe anasubiri zamu ya darubini. Achore madomo tu, sio ndege mzima. Lililonyooka, lililopinda chini, lililopinda juu, fupi nene, la kijiko. Mwisho wa siku ana ukurasa wa madomo na kila moja ameandika lilikuwa linafanya nini. Nyingine anachagua ndege mmoja anamfuata dakika tano, anahesabu mara ngapi amepata kitu na mara ngapi amekosa. Yule anayegeuza mawe, Arenaria interpres, miguu ya chungwa, kama yupo ndio mzuri zaidi kwa watoto, anageuza kila kitu, jiwe, mwani, kipande cha mbao. Na yangeyange mdogo mwenye vidole vya njano, anatikisa mguu mmoja kwenye maji ili samaki watoke, watoto wanaanza kumuiga.

Kuhesabu kundi kubwa: usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, angalia hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani, halafu pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Wakiwa wengi sana fanya kwa mia. Fanyeni kila mtu peke yake halafu mlinganishe.

Mkitaka weka hesabu kwenye eBird, ile tovuti ya kuandika ndege mliowaona, ni bure, na weka zote, hata wale wa kawaida mnaowaona kila siku. Orodha kamili ya saa mbili sehemu moja ina faida kwa wanaofuatilia ndege kuliko picha ya ndege mmoja adimu.

mwl_Baiolojia

Naunga mkono Kipwa. Na kwa huyo mtoto, mwambie domo refu la kitwitwi sio fimbo kavu. Nchani kuna mishipa ya fahamu mingi sana, Calidris canutus akichomeka domo kwenye mchanga wenye maji anahisi msukumo wa maji unaorudi kutoka kwa chaza aliyefukiwa, anajua yupo kabla hajamgusa. Na wengi wa madomo marefu wanaweza kufungua ncha tu ya domo huko chini wakati sehemu nyingine imefungwa, vinginevyo wangefunguaje domo ndani ya tope zito?

Kuna sehemu kama Banc d'Arguin kule Mauritania ambako zaidi ya ndege milioni 2 wa namna hii wanakaa msimu wa baridi wa kaskazini, na ile Wadden Sea ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark wanapita milioni 10 mpaka 12 kwa mwaka. Ndege utakayemuona Jumamosi anaweza kuwa amezaliwa kwenye nyanda za baridi za Siberia. Na ukiona wachache wamebaki hata kwenye miezi ambayo wenzao wamekwenda kuzaliana, wengi wao ni wale wadogo wa mwaka wa kwanza, hawaendi, wanabaki kula.

binti_pepo

Basi nimepanga. Saa kumi na mbili kasoro tuko mashariki ya wangwa, saa tatu mikokoni, mchana chumvi, saa tisa magharibi mpaka giza. Mto nimeuacha. Nimempigia mtu anayevua pale, kasema ndani yanachelewa kwa "saa nzima kamili, bamvua hata zaidi," kwa hiyo jioni nasogeza mbele.

Swali la mwisho wakuu. Kwenye picha moja ya mwaka huu ya eneo hilo nimeona kitwitwi mwenye kitu cha rangi mguuni, kama kibendera. Nikimkuta nafanyaje?

Kipwa

Hicho ni alama ya watafiti, ni salama kwake, amewekwa ili ajulikane bila kukamatwa tena. Usimsogelee zaidi ili usome, subiri maji yamlete. Andika mguu gani, wa kulia wake au wa kushoto wake (sio wako), juu ya goti au chini, rangi zote kuanzia juu kwenda chini, na kama kuna herufi au namba kwenye kibendera ziandike kama zilivyo hata kama ni moja tu umeiona. Usibahatishe herufi usiyoiona vizuri, acha nafasi. Chuma cha kijivu nacho kiandike kiko mguu upi. Piga picha hata kwa simu kupitia darubini, weka simu kwenye kioo cha kutazamia na mtoto ashike darubini isitikisike juu ya kitu. Halafu tarehe, saa, mahali, na alikuwa na wenzake wangapi. Ukiwa nayo yote ilete hapa tutakuambia rangi hizo ni za nchi gani na taarifa inatumwa wapi, wakikujibu watakutumia alifungwa wapi na lini.

TopeNaMikoko

Na kama saa ya mvuvi ni kweli, dada, jioni usiondoke saa kumi na moja na nusu. Kaa mpaka saa kumi na mbili, na usimame mbali na ule mchanga wa juu, kwa sababu hapo ndipo watakapokuja kulala.